Kitabu Kilichokaa na Viatu

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mama alikuwa akinikemea, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" nami nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo kwamba inaniwasha basi, nifanyeje. Ndiyo maana siku ile yule Mzungu mwanamke alipopanda baraza ya baba yangu, pale Bondeni, mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya pazia kabla hajafunga mlango wa gari lake.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alitoka pwani akiwa kijana, akaifuata reli mpaka Nakuru, akapata chumba cha mbele chenye mwanga mzuri, na hapo akakaa mpaka ndevu zikawa nyeupe. Miaka ile ya hali ya hatari mimi nilikuwa na umri wa kama ishirini. Nilikuwa nimeolewa, nimeachwa, eda imekwisha, nimerudi kwa wazazi kutia vifungo na kupiga pasi. Mwanamke aliyeachwa hana shughuli nyingi, na asiye na shughuli huona mengi.

Tulimjua kwa sura. Yeye na mumewe walikuwa wamishonari, wanakaa katika nyumba ya bati jekundu kwenye barabara ya kwenda Njoro. Walikuwa na gari lenye ubavu wa mbao, ambalo kila mwisho wa wiki lilitoka na mumewe, kinanda cha mkono na sanduku la vitabu, kwenda kuhubiri kwa watu wa reli na vibarua wa mashamba, hata Kabazi huko. Siku hiyo alikuja peke yake, na suruali ya mumewe mkononi. Akamnyooshea baba.

"Wewe! Shona hii. Upesi!"

Sauti yenyewe haikuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayesoma ubaoni. Baadaye nilikiona kitabu alichojifunzia, kijitabu ambacho walowezi walinunua ili waweze kusema na wapishi na watunza bustani wao. Kurasa zake zote ni amri: lete, ondoa, osha, ngoja, kimbia. Hakuna aliyeona haja ya kuandika mle ndani namna ya kumuuliza mtu ameamkaje.

Baba aliweka mkasi chini. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, akanishika kanga, maana siku zile kumjibu Mzungu ilikuwa ni kuita askari nyumbani kwako.

"Bibi," baba akasema polepole, "naona umepita njia siyo. Rudi mlangoni, uje upya."

Akamwonyesha mlango kwa mkono. Nadhani aliufahamu mkono kuliko maneno. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akageuka, akatoka. Nikajua basi, kwetu kumekwisha. Lakini hakwenda garini. Alisimama kwenye ngazi, suruali kaikumbatia, akangoja.

"Piga hodi," baba akamwambia.

"Hodi?"

"Karibu. Sema shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Mzee nyumbani hajambo? Na vumbi hili la ziwa limewaachaje?"

Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka pembeni, na upepo wa mchana ulikuwa ukituletea vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya sufuria. Baba alimuuliza habari za nyumba, za njia, za mume, kisha ndipo akasema, "Haya, tukusaidie nini?" Yule mama akacheka. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Kwa Kiingereza, ambacho baba alikijua cha kutosha kupima makoti, akauliza kama kuna mtu humu ndani anayeweza kumfundisha kusema namna hiyo.

Baba akatazama pazia. "Toka huko," akaniambia. "Najua upo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu.

Mambo yake alitueleza wazi siku ya kwanza. Kanisa lao lilikuwa na kamati ya wazee, na kamati ile ilitaka kila mmishonari, mume na mke, afanye mtihani wa Kiswahili cha kusema. Mumewe alikwishafaulu. Yeye alikuwa amekwishaanguka mara moja. Alikuwa amekariri maneno makubwa makubwa ya dini, na alipokaa mbele ya wazee yote yakaruka kama kuku walioona mwewe. Akianguka mara ya pili, watarudishwa kwao wote wawili.

Baba alikubali kwa sharti moja. "Lugha ni ya Mungu, haina mwenyewe. Njoo ujifunze. Lakini dini yako iache pale unapoacha viatu vyako. Humu ndani hakuna kusomewa kitabu chenu wala kuombewa."

"Naahidi," akasema.

Na ahadi aliitimiza kweli. Kila Alhamisi alasiri alivua viatu, akakitoa kitabu chake cha dini kwenye mkoba, akakiweka juu ya viatu ili kisiguse vumbi, kisha akapiga hodi. Watu waliokuwa wakipita walikiona pale. Mama, ambaye hakupenda kuona kitabu chochote kimekaa vile, alimtolea kigoda cha kukiwekea. Kigoda kile kilikaa mlangoni mwetu kwa zaidi ya mwaka.

Sasa, unamfundishaje mmishonari bila dini? Tulisoma kila kilichokuwa na herufi. Tulisoma gazeti la juzi alilofungiwa baba vifungo, hasa barua za wasomaji waliogombana kuhusu mahari. Tulisoma magunia ya unga, pakiti za mbegu, matangazo ya sabuni. Tukiishiwa, mama alimpa ungo wa mchele achague mawe huku tukisengenya, maana hakuna darasa la lugha linaloshinda masengenyo. Baada ya miezi mitatu alijua kumrudishia muuza samaki samaki wake na kumwambia macho yamelala. Baada ya mitano alijua kumkatalia mgeni kuondoka kabla hajaonja kitu.

Lakini mimi nami nilikuwa na darasa langu, la kuwachunguza. Nilipata habari kwamba mumewe huosha vyombo. Mama hakuamini, kwa hiyo ilibidi niende nikashuhudie. Nilimkuta mume mtu mzima, mrefu kama mlingoti, kavaa aproni ya maua, anasugua sufuria na kuimba. Walinikaribisha chakula. Walikula nyama ya kondoo kwa jamu, jamu ile ya kupaka mkate, na hawakuona ajabu yoyote. Kabla ya kula walifunga macho kuomba. Mimi nikafungua jicho moja nione kama wenyewe wanachungulia. Mume alikuwa kalifungua lake ananichungulia mimi. Tukafumba wote wawili upesi, na hatukulisema jambo hilo kamwe.

Walikuwa wakisemeshana kwa adabu nyingi, tafadhali hii, asante ile, mpaka nikashangaa. Mimi na aliyekuwa mume wangu tuligombana tangu alfajiri, na angalau tulijua kila mmoja ana nini moyoni. Hawa nilihisi kuna kitu wanakizunguka, kama watu wanaopita pembeni mwa shimo lililofunikwa kwa mkeka. Nikawa sina raha mpaka nikijue.

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata nikauliza swali ambalo kwetu huulizwa hata mtu uliyekutana naye kisimani.

"Watoto mnao wangapi?"

"Mmoja," akasema.

"Yuko wapi? Shuleni?"

Akainua mkono na kuonyesha ng'ambo ya reli. Mimi nikafikiri ni shule ya Wazungu ya upande ule. Akasema, "Makaburini."

Mama alikuwa akimenya vitunguu. Kisu kikasimama.

"Lini, mwanangu?"

Ilikuwa kabla ya masika yaliyopita. Mtoto wa kiume, aliishi siku tisa.

"Na nani alikuja kukulilia?"

Hakulielewa swali. Mama akalirudia. Akaeleza, kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kinachechemea, kwamba wamishonari wenzao waliandika barua nzuri. Wanawake wa kanisani, wake wa watu wa reli waliotoka upande wa magharibi, walikuja siku ya kwanza na kuni zao na sufuria zao, wakitaka kukaa. Mumewe akatoka kwenye geti, akawashukuru sana, akawaambia mama anataka kupumzika. Wakarudi na sufuria zao. Kwa Wazungu, mtu aliyefiwa hufungiwa mapazia. Tangu hapo hawakulitaja jina la mtoto, yeye na mumewe, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Mama yangu akasimama kwa hasira. Nimemwona mama amekasirika mara nyingi, mara nyingi zaidi nikiwa mimi ndiye sababu, lakini siku ile alikitupa kisu katikati ya vitunguu.

"Wewe umekaa na kilio peke yako masika mazima na kiangazi kizima? Alhamisi ijayo usije na daftari."

Alipokuja Alhamisi ile, alikuta mikeka imetandikwa na majirani saba wamekaa na kanga zao vichwani. Kahawa ilikuwa chungu, kama ya matanga. Mama akamkalisha katikati. Hakuna aliyehubiri, sharti la baba lilikuwa pale pale. Walimshika mkono mmoja mmoja. "Pole, mama. Mungu akupe subira." Yeye akawa anajibu, "Asante, asante sana," kama mtu anayepokea chai. Mpaka ikafika zamu ya bibi mmoja Mnubi, mzee sana, aliyezika watoto wanne. Yule bibi hakusema pole. Alikaa karibu naye, akaushika mkono wake akaupakata, akaanza kulia wake mwenyewe. Hapo mwenzetu akavunjika. Alilia mpaka kilemba alichofunga nywele kikamwanguka. Mimi pia nililia, na mpaka leo sijui kama nilikuwa nikimlilia mtoto yule au ndoa yangu.

Alipotulia mama akamuuliza jina la mtoto. Akalitaja. Sitaliandika hapa, lilikuwa lake. Lilikuwa jina fupi la kwao, na mama hakuweza kulitamka bila kulipa mkia wa kwetu mwishoni.

"Basi wewe ni mama yake," mama akasema. "Na hilo ndilo jina lako hapa."

Tangu siku ile Bondeni hakuitwa tena memsabu. Aliitwa Mama Fulani kwa jina la mwanawe, na wauza mboga, na watoto wa mtaa, na hata baba. Mara ya kwanza muuza ndizi alipomwita hivyo barabarani, alinunua ndizi nyingi kuliko alizozihitaji.

Ndipo nikajua kwa nini mtihani ule ulikuwa ukimnyima usingizi. Kumbe kila Alhamisi kabla ya kuja kwetu alipitia makaburini. Vumbi la ziwa lilijaa kwenye herufi za jiwe dogo la mtoto mpaka zikawa hazisomeki, naye alikuwa akilifuta kwa leso. Aliniambia siku moja, macho yakiwa kwenye ungo wa mchele, "Wakiturudisha kwetu, nani atalifuta?" Nilimsahihisha kosa dogo alilofanya katika sentensi iliyofuata, nikajichukia kwa kufanya hivyo.

Kanisani kwao nako mambo yalianza kuchekesha. Jumapili moja alivua viatu mlangoni bila kujijua, akaingia na soksi. Akiulizwa habari alijibu alhamdulillahi. Wale wanawake wa watu wa reli walikuwa na soko lao karibu na kwetu, na mmoja alinisimamisha kunilalamikia huku akijikaza asicheke.

"Nyinyi watu ya Bondeni mumefanyia Mama nini? Jana amekuja kwangu, amepiga hodi, amekaa chini kwa mukeka, ameuliza mutoto wangu wote mumoja mumoja. Mpaka ng'ombe ameuliza! Zamani alikuwa anasimama tu kwa mulango na karatasi."

"Hampendi?"

"Tunapenda sana. Lakini bwana yake anaogopa. Anafikiri mumemusilimisha."

Kweli bwana aliogopa, lakini hakumkataza. Nadhani aliona mke wake ameanza tena kula.

Sasa nifike kwenye kosa letu, kosa ambalo sidhani kuna watu wengine duniani wangeweza kulifanya. Ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya mtihani. Nilimuuliza, kwa umbeya tu, wazee wale watamuuliza nini.

"Wataniambia nieleze wokovu," akasema. "Na toba. Na neema. Kama vile namweleza mtu asiyejua."

"Haya, eleza."

Akafungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka. Tukatazamana. Maneno yale alikuwa akiyasikia kanisani kila Jumapili na kuyasoma kitabuni, lakini kusikia ni kusikia na kusema ni kusema. Kiswahili kilichokuwa hai mdomoni mwake kilikuwa cha kwetu, na kwetu maneno yale hayakuwahi kuvuka kizingiti. Nilikuwa nimemfundisha mmishonari kujadili mahari, kupika pilau ya watu mia, kupima bega la koti, kufariji aliyefiwa, kumtania shemeji. Kazi aliyovuka bahari na nchi kavu kuja kuifanya, sikuwa nimemfundisha neno lake hata moja. Yeye alidhani maneno yale yatakuja yenyewe nyuma ya mengine. Mimi nilidhani mtihani wa kusema ni wa kusema tu.

Nikaenda kwa baba. Nilimkuta na pini mdomoni.

"Baba, mtihani ni wa dini."

Akazitoa pini moja moja. Nilimwona anahangaika, kwa sababu na yeye alikuwa amempenda. Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Ahadi niliitoa mimi, mzee. Usiivunje kwa ajili yangu. Kitabu kitakaa palepale."

Siku zile zilizobaki mumewe alijaribu kumkaririsha nyumbani jioni, lakini ilikuwa kama mara ya kwanza, maneno yanaingia, asubuhi hayapo. Aliniomba nimsindikize Njoro siku ya mtihani. Baba akaniruhusu hata kabla sijaomba.

Tulikwenda watatu kwa lile gari la mbao, ngano imeiva pande zote mbili za barabara. Mtihani ulifanyiwa katika nyumba ya kanisa yenye veranda. Wazee walikuwa watatu: Mzungu mwanamume na Mzungu mwanamke, wote wawili wazee wa kazi ile, na mchungaji Mwafrika kutoka upande wa magharibi, mwenye mvi na koti lililobana mabega. Niliona mara moja kwamba aliyemshonea hakumpima. Mimi na mume tukaachwa kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Siombi radhi kwa kusikiliza. Hata yeye alisikiliza.

Mzungu mwanamke akaanza. "Tueleze maana ya wokovu."

Kimya. Nilisikia saa ya ukutani. Mume wake alikuwa kashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Chukua muda wako," Mzungu mwanamume akasema.

Nikajua maneno yameruka tena. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa na sauti yake ikasema, "Wazee wangu, samahani. Nimepita njia siyo. Naomba nirudi mlangoni, nije upya."

Akatoka. Alitupita bila kututazama. Akainama pale kwenye veranda, akavua viatu, akasimama wima, akavuta pumzi.

"Hodi."

Ndani hawakujua la kufanya. Ni yule mchungaji mzee aliyeitika, na kwenye sauti yake nikasikia amekaa vizuri kitini.

"Karibu, karibu ndani!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari ya safari?"

"Njema, alhamdulillahi. Na nyumbani kwako? Mama hajambo?"

"Mama yuko, lakini miguu inamusumbua. Hii baridi ya Njoro."

"Pole sana. Anaikanda kwa kitu gani?" Wakazungumza habari za miguu ya mama yule, mafuta gani, maji ya moto na chumvi, na watoto wake, na ng'ombe. Wazungu wale wawili walikaa wakingoja, sijui walikuwa wakifikiri nini. Kisha mchungaji akauliza kama inavyoulizwa, "Na wewe, tunakuita nani?"

"Mimi ni Mama Fulani," akasema, na akalitaja jina la mwanawe, na mkia wa mama yangu mwishoni.

Pembeni yangu kofia ikaanguka. Mume hakuiokota.

Wale wawili labda waliona ni jina tu. Mchungaji alikuwa Mwafrika kama sisi, na alijua mwanamke akiitwa hivyo kuna mtoto. "Mutoto wako yuko wapi, mama?"

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno ya ungo wa mchele. Kwamba alimzaa kabla ya mvua, kwamba alikaa naye siku tisa, kwamba alikuwa na nywele nyingi. Kwamba yeye na mumewe walifunga mlango watu wasije, wakidhani ndiyo nguvu, mpaka wanawake wengine wasio wa dini yake wakamlilia. Akasema, "Mimi maneno makubwa sina, mzee. Najua hivi tu. Mtoto wangu amelala mahali, na mwenye nyumba anamjua jina. Siku moja nami nitafika mlangoni nimechoka, mikono mitupu, nina makosa yangu. Nitapiga hodi. Nami naamini nitaambiwa karibu. Si kwa sababu mimi ni mtu mzuri. Ni kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeniita."

Mimi ni Mwislamu, nitakufa Mwislamu, na nilikuwa nimeuma kanga yangu ili nisitoe sauti. Mumewe alikuwa akilia bila kujificha, mtu mrefu vile, magoti yamekutana. Tangu wamzike ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina la mwanawe kutoka mdomoni mwa mkewe, na alilisikia kwa Kiswahili, kupitia dirishani.

Mzungu mwanamke akakohoa. "Lakini hajatueleza wokovu," akasema taratibu.

"Mama," mchungaji akamjibu, "mimi nimekaa kwa hii kiti miaka mingi na nyinyi. Huyu amenieleza. Kama wewe hukusikia, mimi nitakutafsiria."

Alifaulu. Alifaulu kwa sifa, wakaandika hivyo. Siku ile mama alipika pilau, na bwana mkubwa yule akala kwetu kwa mara ya kwanza, kitako mkekani, magoti yake hana pa kuyaweka. Alipomaliza alitaka kuosha vyombo. Mama akamfukuza jikoni kwa mwiko.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Kamati ilikuwa imefurahishwa mno. Kiswahili kama kile, walisema, kisipotezwe Nakuru. Wakawapangia kituo kipya mbali sana, kusini, ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, ambako watu walikisema Kiswahili vizuri na wamishonari waliokuwapo walikuwa wakichekwa. Waondoke kabla mwezi haujaisha.

Alikuja kutuambia siku ya Jumanne, siku isiyokuwa yake. Alivua viatu, akaweka kitabu kwenye kigoda, akapiga hodi. Nilikasirika kuliko yeye. Nilisema ningalimfundisha vibaya kidogo tu, kidogo kiasi cha kupita bila sifa, angalibaki. Alicheka na kulia kwa pamoja. Hakunilaumu, na hakuniomba kitu. Nilingoja aniombe, nilikuwa na jibu tayari, lakini hakuniomba. Nadhani aliona ni kubwa mno kumwomba mtu wa dini nyingine, ambaye kwao wanawake hawaendi makaburini. Alimkumbatia mama, akambusu baba mkono kama binti yake, akavaa viatu akaenda. Kigoda kikabaki mlangoni kitupu.

Nilikaa Alhamisi ya kwanza nikipiga pasi na kuunguza kola mbili. Alhamisi ya pili upepo ulivuma kutwa nzima, na lile vumbi jeupe likaingia mpaka kwenye kisanduku cha sindano. Nikavaa buibui, nikavuka reli.

Makaburi yale yalikuwa ya Wazungu. Mlinzi, mzee mwenye koti la jeshi, alinisimamisha getini.

"Wewe mama, unataka nini huku?"

"Nina mtu wangu humu."

Akalitazama buibui langu kutoka juu mpaka chini, akacheka. Nikamtajia jina, na mkia wake mwishoni. Akaacha kucheka. Akanionyesha kwa kidole, pale ukutani, penye mti wa jakaranda.

Jiwe lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye herufi, na nyasi zimeanza kulipanda. Nikalifuta kwa pembe ya kanga mpaka jina likasomeka. Kisha nikagundua kwamba, pamoja na umbeya wangu wote, sikuwahi kumuuliza yeye husema nini akifika pale. Dua yangu sikujua kama inafaa, ya kwao siijui. Nikasema nilichokijua.

"Hodi, mwanangu. Mama yako hajambo. Anakusalimu."

Niliporudi baba alikuwa kwenye cherehani. Aliitazama pembe ya kanga yangu iliyokuwa nyeupe.

"Watoka wapi?"

"Makaburini, baba. Kwa mtoto."

Akakanyaga cherehani yake, akamaliza mshono aliokuwa nao. Nilidhani amekasirika, na wiki nzima nilimkwepa. Alhamisi iliyofuata nilipotoka kwenda kuvaa viatu, nilikuta kile kigoda cha mlangoni hakiko kitupu tena. Juu yake, pale kilipokuwa kikikaa kitabu, baba alikuwa ameweka kitambaa kipya cha kufutia, kimekunjwa na kupigwa pindo pande zote nne, na mundu mdogo wa kukatia nyasi.